Kazi za kila siku na kusudi la maisha: kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, pitia hapa

MtunzaStoo (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Masika haya yamenikalisha na mawazo. Wageni ni wachache, mlima umejifunika wiki nzima, na mimi niko stoo na rundo la mahema ya kushona. Hapo ndipo mtu unaposhika simu, na kila ukishika simu unakutana na mhamasishaji: tafuta kusudi lako, achana na kazi isiyokujaza, fuata ndoto. Kuna jamaa wa hapa Majengo alimsikiliza mmoja wao, akaacha benki akafungua banda la chipsi Pasua. Sasa hivi anailalamikia chipsi vilevile alivyokuwa anailalamikia benki, tofauti ni kwamba siku hizi ananukia mafuta.

Simsemi vibaya, biashara inaweza kumtoa. Ninachosema ni kwamba wengi wetu kusudi tunalo, ila hatuoni kazi yetu inakwenda wapi ikishatoka mikononi. Ukishaona inakofika, utajua ipi ya kuikazania, ipi ya kuifanya chapuchapu na ipi ya kuifutilia mbali. Unaweza kuyafanya hayo yote bila kuacha kazi.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Sipandi. Nikienda msibani wakasikia nafanya kazi za mlima, swali la kwanza ni nimefika kileleni mara ngapi, nikisema sijafika naona mtu anageukia upande wa pili. Kazi yangu ni mahema, mabegi ya kulalia, majiko, mitungi ya gesi, viti, sufuria, na makaratasi yasiyoisha.

Chukulia begi la kulalia. Likishuka kutoka mlimani, kabla halijakwenda kufuliwa, nalitandaza mezani na kuitembeza zipu kutoka miguuni hadi shingoni huku nimetega sikio. Zipu nzima ina mlio mmoja tu. Ikianza kukwaruza njiani, ujue meno yamejaa vumbi la uwanda wa Shira kule mlimani. Hapo nachukua mswaki mkavu, nasugua, napitisha kipande cha mshumaa juu ya meno, naitembeza tena. Kambi ya Barafu iko mita 4,673. Watu wanalala pale saa chache tu, usiku wa manane wanaamshwa kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Zipu ikigoma pale hakuna fundi, na baridi ya pale haina mjadala.

Hiyo kazi ya zipu niliifanya muda mrefu nikiwaza saa ya kutoka tu. Kilichobadilika ni daftari. Nilichukua kaunta buku, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika kila ninachokifanya kwa wiki, hata kile kidogo cha aibu kama kumsubiri jamaa wa gesi. Kulia nikaandika kinamfikia nani.

Zipu: mgeni aliyeko Barafu usiku. Kukausha mahema: mgeni, pamoja na wagumu, yaani wapagazi, wanaobanana kwenye hema moja. Kupima mizigo kabla gari halijaondoka: mgumu, tena huyu nilimpigia mstari, kwa sababu mzigo wake haupaswi kuzidi kilo 20 na getini kuna mzani. Ukizidi pale, vitu vinagawanywa upya kwa pupa, wengine wanasukumiwa, na siku zote anayesukumiwa ni kijana mgeni wa kazi asiyejua kugoma.

Halafu ikaja ripoti ya vifaa. Naijaza kwenye daftari, naijaza tena kwenye kompyuta, kisha napiga picha na kuituma kundi la WhatsApp. Nilikaa na kalamu pale upande wa kulia, hakuna jina lililokuja. Kesho yake nikamuuliza bosi ile ya kwenye daftari huwa inasomwa na nani. Akacheka. Tukaifuta.

Ipo pia mistari ambayo kulia niliandika majina ya wanangu na neno ada, basi. Hiyo nayo ni sababu halali, msikubali kutishwa na wahamasishaji.

Baada ya hapo sikubadilisha kazi, nilibadilisha mpangilio wa siku. Asubuhi, kichwa kikiwa hakijachoka, ni zipu, mahema na mzani. Makaratasi yanasubiri baada ya chakula, na nayafanya kwa kiwango kinachotosha, siyatilii chumvi. Wenzangu mnafanyaje? Hasa ninyi mlio kwenye kazi ambazo mtu wa mwisho haonekani. Tiririkeni.

KijengeJuu

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu.

MwalimuMbishi (Arusha)

Mkuu, umeandika madini, ila nikuambie ukweli: hii ni dini ya watu waliolipwa kwa wakati. Mwenye nyumba wangu hapa Njiro hapokei kusudi, anapokea kodi ya miezi sita, tena kwa mkupuo.

Nimefundisha shule moja ya binafsi. Kila mshahara ulipochelewa, mkurugenzi aliitisha kikao, tunafungua kwa sala, kisha anatukumbusha kwamba ualimu ni wito. Ukiona wito umetajwa mara mbili ndani ya kikao kimoja, jua mwezi huo hela hakuna. Tangu hapo mtu akinitajia maana ya kazi, mkono wangu unakwenda mfukoni wenyewe kuangalia kama pochi ipo.

MtunzaStoo

Mwalimu, nimecheka lakini najua inavyouma. Tuko pamoja kwenye hilo. Angalia lakini nani alikuwa anaongea. Yule alikuwa anadaiwa na wewe, akakulipa kwa maneno. Daftari langu sijaandikiwa na bosi, wala hajawahi kuliona. Na limenisaidia kumwambia kazi gani sitaifanya tena, jambo ambalo wale wa wito hawalipendi hata kidogo.

Mshahara ukichelewa, mstari wa ada unakosa maana yake yote, hata zipu nazo naanza kuzitembeza bila kusikiliza. Kwa hiyo sisemi kusudi lije badala ya hela.

MnaraWaSaa (Arusha)

Naomba nichangie kidogo kwa sababu haya nimeyasomea. Anachokifanya MtunzaStoo kina watafiti wake. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton wa Marekani waliandika kuhusu watu wanaoifinyanga kazi yao wenyewe bila kusubiri ruhusa. Mfano wao mmojawapo ni wafanya usafi wa hospitali. Kazi ni ileile, mopu ni ileile. Baadhi yao waliieleza kama kupiga deki na kumwaga taka. Wengine walikuwa wanawasemesha wagonjwa, wanaangalia nani hajapata mgeni, na wakijieleza wanajihesabu miongoni mwa wanaomponya mgonjwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, Wrzesniewski na wenzake walikuwa wameuliza watu wanaionaje kazi yao: riziki tu, ngazi ya kupandia cheo, au kitu ambacho wangekifanya kwa moyo. Kilichonivutia ni kundi dogo la makatibu wa ofisi za chuo. Wenye kazi inayofanana kabisa waligawanyika karibu mafungu matatu yaliyolingana. Kwa hiyo jina la kazi peke yake halikuelezi mtu ataionaje.

MwalimuMbishi (Arusha)

Na hao wa usafi walioponya wagonjwa, waliongezwa mshahara?

MnaraWaSaa (Arusha)

Hilo ndilo lawama kubwa linalotupiwa utafiti wa aina hii, mkuu. Mfanyakazi anaongeza kazi kwa moyo wake, faida inabaki kwa mwajiri. Siwezi kulikwepa.

MamaNdizi_Mbuyuni

Wanangu, hamjambo. Mimi siandiki sana, mjukuu ndiye kaniwekea hii kitu.

Nauza ndizi soko la Mbuyuni. Mteja akija akasema nataka mshare, namuuliza: ya mzazi au ya nyumbani? Akisema ya mzazi, simpi ile ya juu iliyokaa juani. Nainama, namtolea iliyokomaa vizuri, ngumu, bado ina utomvu ukiikata, maana mtori wa mzazi si wa kubahatisha, na huyo mama ndiyo kwanza katoka kujifungua. Namwambia na mfupa autafute leo, asingoje kesho. Bei ni ileile. Sijasoma kwa huyo mzungu, lakini naona ananijua.

Ila mnaposema kusudi, mjue mnaongea na nani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalikumbuka tukisomewa. Kuna mahali linasema wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu, na wanaume wa huko nusu ya maisha yao wako likizo. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma tulitazamana. Yule mama anayeshuka Uru alfajiri na mkungu kichwani, kwanza mpokee mzigo, halafu kama ana nafasi mtaongea kuhusu kusudi.

MtunzaStoo

Shikamoo mama. Hilo swali la "ya mzazi au ya nyumbani" limeshinda ukurasa wangu wote mzima.

NesiWaUsiku (Moshi)

Mimi nitapingana kidogo na mtoa mada, kwa heshima.

Wewe mtu wako wa mwisho yuko mbali, juu mlimani, humwoni. Mimi namwona. Nipo naye kitanda namba fulani, namjua jina, najua mwanae anasoma wapi, na alfajiri inaweza kunikuta nafunga jalada lake. Ukiniambia kila kazi niiunganishe na sura ya mtu, baada ya muda mfupi sitaweza kuvaa sare. Wapo wenzangu walianza kazi na moyo mkubwa kuliko wangu na leo hawapo wodini.

Kinachonishikilia mimi ni vitu visivyo na sura. Kukabidhi zamu kwa mwandiko unaosomeka. Kuandika dawa imetolewa saa ngapi, si "asubuhi". Kuhakikisha mtungi wa oksijeni wa akiba una kitu ndani kabla mtu hajauhitaji. Navifanya kwa utaratibu wangu, kwa usahihi, hata kama simfikirii yeyote kwa wakati huo. Nikitoka saa moja na nusu asubuhi najua wodi niliiacha imenyooka. Kwangu hilo linatosha, na nikifika nyumbani nalala.

Nasema hivi kwa ajili ya manesi wadogo watakaosoma huu uzi wakadhani wana moyo mgumu. Hamna moyo mgumu.

MnaraWaSaa (Arusha)

Dada, nakazia hapa. Watu wa huduma huchoka kwa namna yao, na ushauri wa "mfikirie mgonjwa zaidi" huwa unawamaliza.

MtunzaStoo

Nesi, upande huo sikuwa nimeutazama, na nadhani uko sahihi kwa kazi yako. Labda umbali ndio unaoamua. Aliye mbali na mtu wa mwisho inabidi amsogeze, aliye karibu mno inabidi apate pa kushika pengine. Mtungi wa oksijeni nao tunao kwa wanaozidiwa juu, na naukagua kama wewe, kwa namba, bila hisia yoyote.

BodaSakina (Arusha)

Mimi abiria namshusha, ananilipa, simwoni tena maisha yangu yote. Kulia nitaandika nini, "mtu mwenye begi jekundu"?

KijengeJuu

Andika "aliyefika salama". Na kofia ngumu ya abiria uifue, tunajuana.

BodaSakina (Arusha)

Kofia nimesikia mkuu, usinianike.

KihambaKibosho

Habari za jioni wadau. Naona vijana mnatafuta kusudi, mimi niliachiwa. Baba aliniachia kihamba, shamba la ukoo, chenye kahawa chini ya migomba, na makaburi ya wazee pembeni. Hakiuzwi. Hakuna aliyeniuliza kama ndiyo ndoto yangu.

Babu alikuwa mwanachama wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ile iliyoundwa mwaka 1933, na kahawa ndiyo ilisomesha watoto wake. Kwa hiyo kwa babu mstari wa kulia ulikuwa wazi kabisa: kahawa, ada. Mimi kahawa yangu nachuma nyekundu tu, namenya siku hiyohiyo, nafanya kila kitu walichotufundisha, na ikifika bei nauliza kama nimeosha dhahabu au kokoto. Jirani zangu wameng'oa, wamepanda parachichi. Siwalaumu. Kazi inaweza kuwa na maana tele na bado ikakushinda, na nadhani MwalimuMbishi hapa ndipo alipokuwa anatupeleka.

Kitu kimoja lakini. Mfereji tunausafisha kwa pamoja, kila kaya inatoa mtu. Ni kazi ya tope, mgongo unauma, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kusudi lake. Usipozibua kwako, wa chini yako hapati maji, na anajua nyumba yako ilipo. Labda kazi za mjini zimeturefushia mfereji mno, wa chini hatumwoni na yeye hajui pa kuja kugonga.

MwalimuMbishi (Arusha)

Mzee wa Kibosho, shikamoo. Hapo umenishika.

MgumuWaMachame

MtunzaStoo, mimi ndiye yule wa upande wako wa kulia. Sina maana nafanya kazi kampuni yenu, lakini ni mimi.

Nianze na la kusudi. Nikiwa na mzigo shingoni napanda ukuta wa Barranco, hilo swali halipo. Nawaza mguu unakanyaga wapi. Swali linanijia Aprili, kama sasa, safari hakuna, nimekaa nyumbani, mke anakwenda kibarua na mimi naosha vyombo. Hapo ndipo najiuliza mimi ni nani. Kwa hiyo nawaambia wanaotafuta kusudi: wengine tunaanza kulitafuta kazi ikikosekana.

La pili ni lako. Msimu uliopita, kampuni nyingine siitaji, tumefika kambi ya Karanga mvua imechanganyika na mawe. Mahema ya wageni yamesimama vizuri, zipu zote nzima, naomba niseme. La kwetu halikuwa na vigingi vya kutosha, tukafunga kamba kwenye mawe, usiku upepo ukaingia chini. Tumekaa tumeshikilia hema hadi alfajiri, halafu asubuhi tunabeba. Ninachotaka kujua, kwenye daftari lako umetuandika wagumu, safi sana. Uliwahi kumwuliza mgumu mmoja? Mtu wa upande wa kulia ana mdomo.

Kila mtu anamjua Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889. Wa Marangu wanamtaja na Yohani Kinyala Lauwo, mzee wao aliyeongoza. Ukiuliza nani alikausha mahema na nani alibeba, kimya.

MtunzaStoo

Mkuu, karibu sana. Basi nakuuliza hapa mbele ya wote. Hema la wagumu linaanza kuharibika wapi?

MgumuWaMachame

Chini. Turubai ya chini ndiyo inaoza kwanza. Asubuhi mahema ya wageni yanafunguliwa mapema, wao wakiwa wanakunywa chai. La kwetu linakunjwa la mwisho, kwa haraka, lina umande na tope, na kwenye gari linatupwa chini ya kila kitu. Likifika stoo mnakausha yale ya wageni kwanza kwa sababu yana safari kesho.

Vigingi navyo vinahama. Mtu akipungukiwa kwa mgeni anachukua vya kwetu. Kurudi haviandikwi.

MtunzaStoo

Ni kweli, ya wageni yanatangulia kamba, hata kwetu. Kamba ya kuanikia ni moja na jua la Moshi wakati wa masika mnalijua.

Hivi ndivyo nitakavyofanya, na nyie mnisahihishe. Vigingi vya wagumu navipaka rangi nyekundu kichwani, vinahesabiwa vikitoka na vikirudi, kwenye karatasi ileile ya kupimia mizigo, ili visiwe na karatasi yao ya kupotea. Hema likishuka geti la Mweka linasafiri juu ya mzigo, si chini. Na kamba ya pili naifunga nyuma ya stoo, pale penye bati. Ya mahema yenu tu.

MgumuWaMachame

Rangi nyekundu kwenye giza haionekani. Paka nyeupe.

MtunzaStoo

Nyeupe. Sawa.

MwalimuMbishi (Arusha)

Na malipo? Vigingi vimepata rangi, mgumu je?

MgumuWaMachame

Nilikuwa naogopa kuuliza mimi. Kuna safari ya Februari, geti la Machame, walitulipa pungufu ya tulichokubaliana na bahashishi hatukuonyeshwa wageni wametoa kiasi gani. Kila nikipiga simu wananiambia mhasibu yuko nje.

MtunzaStoo

Hilo haliko stoo, na kampuni si yangu, nisikudanganye. Lakini KPAP, lile shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wako hapa Moshi mjini na kazi yao ni hiyo, kufuatilia wagumu wanavyotendewa. Usiende na maneno matupu. Andika tarehe ya kupanda na kushuka, geti, mlikuwa wagumu wangapi, jina la mwongozaji, mlichoahidiwa kwa siku na mlichopewa. Mkiwa wawili watatu wa safari hiyohiyo ni bora zaidi.

MgumuWaMachame

Tuko wanne tunaokaa karibu. Mmoja ana picha ya ile karatasi ya malipo aliyosaini.

MwalimuMbishi (Arusha)

Nichekini pembeni, barua nitawaandikia mimi. Bure.